Punje Mbili Ndani ya Mkebe

Mwezi uliopita ndugu yangu Mulongo alifungua nyumba yake mpya kule Kabuchai, na kwa kuwa ni mtu wa shukrani, aliita kanisa zima na nusu ya kijiji. Nilitoka Kitale asubuhi na kuku wawili kikapuni, wa rangi moja na ukubwa mmoja, kwa sababu hata leo, nikiwa na wajukuu, siwezi kuwapelekea mapacha wangu kitu kimoja kisicho na mwenzake. Nyumba ni nzuri. Ina vigae sakafuni na madirisha makubwa yanayotazama miwa. Baada ya maombi Mulongo alisimama akasimulia ile hadithi yake, kwamba yeye, daktari wa mifugo anayejulikana mpaka Chwele, leo angekuwa anakata miwa kama si punje moja ya mahindi. "Tulikuwa wawili, nafasi ya shule ni moja," alisema. "Ndugu yangu akaingiza mkono kwa mkebe, akatoa nyeupe. Ikabaki nyekundu. Mungu akanichagua." Watu wakasema amina. Mchungaji akadakia kwamba jambo hilo lilikuwa limeandikwa kabla hata ya mapacha wenyewe kuzaliwa. Nekesa, binti wa Mulongo aliye chuo kikuu, akaninong'oneza sikioni, "Anti, si hiyo ni bahati tu? Nusu kwa nusu. Kama baba mkubwa angetoa nyekundu, leo tungeambiwa Mungu alimchagua yeye." Nilicheka nikiziba mdomo kwa leso, kisha nikamtafuta kwa macho huyo baba mkubwa. Mukhwana alikuwa ameketi mwisho wa benchi karibu na mlango, sahani magotini, akitafuna polepole kama mtu anayesikiliza habari za watu wasiomhusu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa na swali moja kwa mtu huyo, na kwa miaka yote hiyo sikuwa nimemuuliza.

Kwetu sisi Wabukusu majina hayo mtu hayafikirii. Mimi nilizaliwa kiangazi, nikawa Nasimiyu. Pacha anayetangulia ni Mukhwana, anayefuata ni Mulongo, basi. Na mapacha wana sheria zao. Ukimpa mmoja kikombe cha chai, mwingine anapata kikombe kilichojaa vilevile. Ukimpiga mmoja, mwingine naye anaonja. Ukimpendelea mmoja, yule aliyenyimwa ataugua, na anaweza kufa. Hivyo ndivyo Kukhu, bibi yetu wa Kabuchai, alivyotufundisha, na hakuwahi kusema kwamba anafikiri hivyo. Alisema kama mtu anavyosema maji yanateremka. Nilikua nikikata mkate kwa kuupima na uzi.

Mwaka ninaousimulia ulianza na mavuno na kuisha na mavuno. Wazazi wote wawili tulikuwa tumewazika, na hilo sitaliongezea maneno. Nilikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha pili, na ndugu zangu walikuwa darasa la nane. Tuliishi Kitale, mtaa wa Matisi, katika chumba kimoja cha udongo kilichopakwa chokaa mpaka kiunoni, kana kwamba fundi aliishiwa chokaa akaona aibu kurudi. Kulikuwa na kitanda kimoja, mkeka, jiko la makaa na msumari wa kutundikia sare. Jioni tulikula ugali na sukuma, na siku nzuri maharagwe. Asubuhi tulinunua mandazi yaliyofungwa kwa gazeti, na hapo ndipo mapacha walipotofautiana, kwa sababu kwa sura hata mimi nilikosea. Mulongo alikula mandazi. Mukhwana alisoma gazeti. Alilinyoosha juu ya goti, akalisoma mpaka pale palipochanika, halafu akalalamika, "Sasa huyu mtu alifungwa ama aliachiliwa? Dada, kesho nunua kwa yule mama mwingine, pengine ako na hiyo nusu ingine." Mulongo, mdomo umejaa, alimjibu, "Wewe kula bana, huyo mtu alishakufa."

Jumatatu baada ya matanga niliamka, nikavaa gambuti za baba zilizonizidi, nikaenda kutafuta kazi kwenye stoo ya mahindi. Sare niliiacha kwenye msumari. Hakuna aliyeniambia niende. Watoto wangu wamewahi kuniuliza niliamuaje kuacha shule, na kila mara nimekosa jibu, kwa sababu sikumbuki kuamua. Nakumbuka kwamba gambuti zilikuwa baridi kwa ndani, na kwamba niliziba ncha zake kwa gazeti ambalo Mukhwana alikuwa hajamaliza kulisoma.

Kazi ilikuwa kuchambua mahindi. Tulikaa chini juu ya turubai, wanawake kumi au kumi na tano, mbele ya kila mmoja chungu ya mahindi yaliyotoka mashambani, tukiondoa yaliyooza, yaliyovunjika, vipande vya magunzi na kokoto. Vumbi la mahindi lilikaa kwenye kope mpaka sote tukaonekana bibi vizee. Lakini asubuhi walikuja wanawake thelathini kwa kazi ya watu kumi na tano, na hapo zamani nyapara alikuwa akichagua kwa kidole. Wakamsema. Wakasema anaangalia sura, wakasema anaangalia kabila, mmoja akaenda kumshtaki kwa mkewe. Basi alipoona maneno yamezidi, akaleta mkebe wa mafuta ya kupikia. Alitia punje thelathini, nusu mahindi meupe ya kawaida, nusu mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa, yale mekundu ambayo hununuliwa kwa kupanda. Aliuinua mkebe juu ya kichwa chako ili usione, ukaingiza mkono. Ukitoa nyekundu, una kazi. Ukitoa nyeupe, urudi nyumbani. "Nyinyi wamama mniwache kabisa," alisema kila asubuhi, akitingisha mkebe kama kengele ya kanisa. "Mimi sichagui mtu. Ni mkono yako inakuchagua. Na mkitoka hapo mnawe, hiyo dawa ni sumu."

Nilikuwa na bahati wiki ya kwanza, nikakosa siku mbili za wiki ya pili. Katika wiki ya tatu niligundua jambo. Mahindi ya kawaida yanateleza. Yale ya dawa yana unga mwembamba, ukigusa kwa ncha ya kidole unausikia kabla hujajua unausikia. Tangu siku hiyo sikutoa nyeupe tena. Wanawake wakaanza kusema mkono wangu umebarikiwa kwa sababu ya uyatima. Mmoja wao, Mama Rael, aliyekuja na mtoto mgongoni, alikosa siku nne mfululizo, na siku ya nne aliushika mkono wangu akausugua kwenye wake. "Niambukize, msichana," alisema akicheka. "Ama Mungu amesema nipumzike tu, na hajaniambia nitakula nini." Nilicheka naye. Ningeweza kumwambia. Lakini kila ambaye angejua angechukua nafasi ya mwingine, na hatimaye ningekuwa mimi ninayerudi Matisi. Nilimpa nusu ya githeri yangu ya mchana nikakaa kimya, na ukimya ule bado ninao.

Jumamosi moja ya Desemba, mtihani wao ukiwa umekwisha, mapacha walipaswa kuja pamoja kunisaidia kubeba mahindi ya kufagia, yale ambayo tajiri wa stoo alituachia mwisho wa wiki. Alikuja Mukhwana peke yake. Mulongo alikuwa na jipu chini ya mguu. Tukiwa njiani, mzigo kichwani, Mukhwana aliniuliza kwa nini sikosi kazi kamwe. Nikamwambia. Nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu na ile siri, na yeye ndiye aliyekuwa kando yangu. "Unga?" aliuliza. "Unga kidogo tu," nilisema. "Ukishajua, mkono unaenda wenyewe." Alitembea kidogo, kisha akasema, "Na Mama Rael?" Niliuweka mzigo sawa kichwani, nikaongeza mwendo. Tulipofika nyumbani sikumwambia Mulongo, si kwa kukusudia. Alikuwa analia na jipu lake, tukashughulika na maji ya moto. Nimelifikiria sana jipu lile. Uchafu kidogo uliingia kwenye unyayo wa mvulana, na kwa sababu hiyo ndugu mmoja alijua jambo na mwingine hakulijua.

Matokeo yalitoka wakiwa wamepishana alama mbili, Mukhwana mbele. Wote wawili waliitwa kidato cha kwanza. Kwa kazi yangu na msaada wa kanisa angeweza kusoma mmoja. Mwingine angeenda Kabuchai kwa Kukhu, kulima na kukata miwa. Nilijua ninayemtaka. Mtu anayeumia roho kwa sababu gazeti limechanika, unampelekaje kwenye miwa? Lakini Kukhu alikuja kutoka Kabuchai na viazi vitamu na jogoo, akaketi kitandani, akavua viatu, akanisoma usoni kabla sijafungua mdomo.

"Usimtaje," alisema.

"Kukhu, alama ni..."

"Nimesema usimtaje mtu hapa. Hawa watoto ni wa pacha. Ukichagua mmoja, huyo mwingine unamchimbia shimo. Unataka kuzika mwingine, Nasimiyu? Hawajatosha?"

"Sasa nani atachagua?"

"Asichague mtu. Wacha kitu ianguke yenyewe."

Mimi ndiye niliyesema tufanye kama stoo. Ningeweza kusema turushe shilingi. Ningeweza kusema maharagwe mawili, jeusi na jeupe, yanayoteleza sawasawa. Nilisema mkebe kama wa nyapara, na Jumatatu nikaomba punje moja nyekundu, nikaileta nyumbani kwenye fundo la leso, nikaangalia usiku ule unga wake usifutike. Nilijiambia kwamba sifanyi lolote, kwamba natii Kukhu, kwamba nitakuwa nimeshika mkebe tu. Huo ndio uongo ulio safi kuliko wote niliowahi kujiambia, na ulifanana kabisa na maneno ya nyapara.

Tulifanya kesho yake alasiri. Jogoo alikuwa jikoni, chumba kimejaa harufu ya mchuzi, jua limeingia mlangoni mpaka kwenye mkeka. Mkebe ulikuwa na punje mbili tu. Kukhu alifunga macho akaomba. Hakuna aliyeuliza nani aanze. Mukhwana huanza siku zote, kwa kuwa ndiye aliyefungua mlango wa dunia. Niliuinua mkebe juu ya kichwa chake, akaingiza mkono. Nilisikia punje zikigonga bati, ka, ka. Kwa mtu anayejua, kazi ile ni ya kufumba na kufumbua. Yeye alikawia. Nilimtazama, lakini hakunitazama. Mulongo alikuwa amesimama ubavuni mwake, mdomo wazi. Kisha Mukhwana akatoa mkono, akaufungua, na punje ilikuwa nyeupe.

"Eh!" alisema akicheka. "Mimi sina bahati bana."

Mulongo alilia. Alilia kwa sauti, akamshika ndugu yake shati, akasema turudie, hiyo haikuwa sawa, mkebe haukutingishwa. "Haturudii," Kukhu alisema. "Imeanguka." Alipakua jogoo, akachukua firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye boma, na kwa kuwa boma letu halikuwa na mwenyewe, akaikata katikati kwa kisu, kila pacha nusu yake. Mimi nilibaki na mkebe mikononi. Ndani yake nyekundu ililala peke yake, na niliposugua kidole, unga ulikuwapo.

Waliagana siku ya soko, kwenye lori lililokuwa likipeleka magunia Chwele. Mukhwana alipanda nyuma na Kukhu, sufuria yetu moja kati ya miguu yake, na mfukoni mwake magazeti yote ya mandazi aliyokuwa ameyahifadhi chini ya mkeka. Mulongo alikimbia nyuma ya lori kwa viatu vyake vipya vya shule mpaka likakata kona. Kabla ya kwenda shule alinikabidhi ile punje nyekundu, ambayo alikuwa ameichukua mkebeni akaitunza, na mvua za Machi zilipoanza niliipanda nyuma ya chumba, kati ya ukuta na bafu la jirani. Ilizaa mahindi mawili. Unaweza kukisia nilivyoyagawa.

Kazini nilirudi, lakini sikuwa sawa. Nilijiambia sasa nitafanya haki, nitachukua punje ya kwanza kugusa, iwe iwavyo, kama Mama Rael. Sikuweza. Kidole kilijua. Punje ya kwanza nikiigusa nilijua ni ipi, na kuitoa kukawa ni kuamua, na kuiacha kukawa ni kuamua. Nilifunga kitambaa kwenye vidole, nyapara akadhani nimejikata. Bado nilijua kama napapasa bila kitambaa. Watu huzungumza juu ya bahati kana kwamba ni mahali unapoweza kurudi ukipenda. Mimi nilitoka huko wiki ya tatu ya kazi na mlango ukafungwa nyuma yangu. Hatimaye, mwezi wa Mei, nilimwita Mama Rael kando nikamwambia habari ya unga. "Tangu lini?" aliuliza. "Tangu mavuno," nilisema. Hakunitukana. Alimhamisha mtoto kutoka mgongoni kuja kifuani, akasema, "Na ulinipa githeri." Kufikia mwisho wa wiki wanawake wote walijua, na nyapara akautupa mkebe akaanza kugawa kazi kwa zamu, jambo ambalo lingewezekana tangu mwanzo.

Na kama mimi sikuweza kutojua, Mukhwana aliwezaje? Hilo ndilo swali langu. Ama alisahau, na basi Nekesa yuko sawa. Ama unga ulifutika upande alipogusa, na Mchungaji anaweza kusema nani aliufuta. Ama alijua. Mwaka ule nilimtembelea mara tatu soko la Chwele, alikokuwa akiuza viazi vya Kukhu. Nilimkuta ameketi juu ya gunia, mikono imechubuka kwa majani ya miwa, akimsomea mzee aliyeuza mbuzi gazeti la wiki iliyopita. Kila mara nilikwenda na swali na kurudi na viazi. Niliogopa jibu lolote kati ya yale matatu, maana katika yote mimi ndiye niliyeshika mkebe.

Basi siku ile ya nyumba mpya, watu walipoanza kuimba, nilimfuata nje. Alikuwa amekaa kwenye kreti nyuma ya jikoni, ananyoosha gazeti lililofungiwa nyama.

"Mukhwana," nilisema, "siku ya mkebe. Ulikuwa umesahau?"

"Nisahau nini?"

"Unga."

Alilikunja gazeti mara mbili. "Sikusahau, dada. Mkono ulienda wenyewe, vile ulisema. Niliishika nyekundu kabisa. Halafu nikasikia Mulongo anapumua hapa." Akagusa sikio lake. "Alikuwa anapumua kama mtu amekimbia. Nikaiwacha."

"Lakini wewe ndiye ulipenda kusoma."

"Si bado napenda? Miwa haijanikataza."

"Nilitaka utoe nyekundu. Ndiyo maana nilileta mkebe."

"Nilijua." Alicheka kidogo. "Unadhani uso wako unaficha kitu? Lakini wacha nikuulize pia mimi. Ile asubuhi baada ya matanga, ulivaa gambuti za baba ukaenda. Ulipiga kura na nani?"

"Hakuna."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Haya. Mimi nilikuwa nimelala macho wazi, nakuangalia. Nikasema, kumbe mkubwa anafanyanga hivyo. Na mimi si ndiye mkubwa kwa Mulongo? Hata kama ni dakika kumi."

Miaka yote nilihesabu kwamba nilimfundisha jambo moja, njiani, Jumamosi, na kwamba alilipokea au alilipoteza. Sikujua kwamba nilikuwa nimeshamfundisha lingine nikiwa nimempa mgongo. Sasa sijui niseme alichagua mwenyewe, au nilimchagulia kwa gambuti zile, mimi ambaye sikumbuki kuchagua. Nilimuuliza tu kama tumwambie Mulongo.

"Umwambie nini? Ati Mungu hakuwa hapo? Mimi siwezi jua kama hakuwa. Mwache, nyumba ni mpya."

Mlango wa jikoni ukafunguliwa, Mulongo akatoka na sahani. Akiwa ndiye mwenye boma, alikuwa ameletewa firigisi ya kuku wangu mmoja, na kama kawaida yake hakuila. Alikuwa ameikata mwenyewe, vibaya, kipande kimoja kikubwa na kimoja kidogo, maana daktari huyu anaweza kumpasua ng'ombe lakini hawezi kukata nyama.

"Mukhwana, anza," alisema.

Mukhwana, bila kuangalia sahani, akanyoosha mkono akachukua kile kidogo.

"Kila siku!" Mulongo alisema, akitafuna kile kikubwa na kucheka. "Wewe huna bahati bana."